Juzuu kumi kifuani, hendauti ya jana haipo

Mpwa wangu alikuwa jikoni anasukuma chapati, unga umemfika viwikoni. Mdogo wake kakaa kitako juu ya mbuzi ya nazi anamsomea Tabaraka kwa ghibu, huku miguu yake inacheza. Dada mtu hana msahafu mbele yake, wala hamtazami msomaji.

"Rudi. Umeruka."

Mtoto akarudi, akakwama. Akapewa neno moja tu, akateremka nayo mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nimeingia kuchukua maji. Juu ya friji pamewekwa hendauti yake ya bailojia, kurasa zimepakwa manjano kutoka juu mpaka chini utadhani zimemwagikiwa na bizari. Nikaichukua, nikamuuliza kwa mzaha ukurasa ule wa kati unasema nini.

"Osmosisi hiyo, mjomba. Jana usiku nimeipitia mara tatu."

"Haya, nambie."

Akaanza na sentensi ya Kiingereza, imenyooka, ya kitabuni hasa. Ilipofika katikati ikamkatikia. Akaianza upya, ikakatika palepale. Mdogo wake akacheka. Chapati ikaungua upande mmoja.

Tukacheka sote, yakaisha.

Mimi hayakunitoka.

## Mtu huyohuyo

Wiki kadhaa nilikuwa na jambo hili kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, hata barazani watu wakizungumza mpira. Binti huyu ana juzuu kumi kifuani. Amezihifadhi kwao Wete akiwa mdogo, huku asubuhi anakwenda skuli na jioni anateka maji. Hakuna wa kunambia kuwa hana kichwa. Mvivu pia si mvivu: taa ya ukumbini huizima yeye kila siku, na mitihani ikikaribia haizimwi kabisa.

Lakini mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, anakosomea ualimu, katoka na sapu mbili, yaani masomo mawili ya kurudia mtihani. Dada yangu alinipigia simu kutoka Pemba akasema pengine ni hasadi, atafutwe mtu wa kumsomea. Sikumkatalia, kusomewa hakujamdhuru mtu. Ila nilikuwa nimeshaanza kutazama namna anavyokaa na vitu hivi viwili.

Akikaa na msahafu husoma aya, huufunga, huisema. Akikosea huufungua, akaona alipoteleza, akaufunga tena. Halafu humtafuta mtu wa kumsikiliza, hata awe yule mtoto. Kesho yake, kabla hajaongeza mpya, hurudia ya jana na ya juzi. Hakuna aliyemwambia kuwa hii ni mbinu. Ndivyo anavyojua kusoma tangu alifu kwa ujiti.

Akikaa na hendauti, akishaifungua haifungi. Husoma, hupaka manjano, husoma tena alipopaka. Usiku wa manane anajua kila kitu, kwa sababu kila kitu kiko mbele ya macho yake.

Ni nani aliyemfundisha kwamba ilimu ya Tunguu, huko chuoni kwake, husomwa namna nyengine?

Nilimuuliza. Akasema kila mtu anasoma hivyo.

## Ngamia na Mjerumani

Kila aliyepita madrasa anaijua hadithi ya ngamia. Mtume (S.A.W.) ametuusia tuiangalie Qur-ani kila mara, kwani huchopoka upesi kuliko ngamia katika kamba zake. Imo katika Bukhari na Muslim. Na kila Ramadhani Jibrili alikuwa akimjia kuipitia pamoja naye, na mwaka aliofariki akaipitia naye mara mbili. Sisi husikia habari hii tukaitia katika fadhila za mwezi wa Ramadhani, tukaendelea na daku. Tazama kilichomo ndani yake: pana wakati uliowekwa wa kurudia, na pana msikilizaji.

Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya ngamia huyu bila ya kumjua. Alijifanyia majaribio mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akapima ni kazi kiasi gani ameiokoa anapozihifadhi upya. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imeshakwenda. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi hivi. Kuanzia hapo upotevu ulipunguza mwendo. Kwa hiyo ngamia hutoroka siku ya kwanza, na anayengoja wiki ya mitihani ndipo afungue somo la mwezi uliopita anakuta kamba tupu.

Kilichonikaa zaidi lakini ni kitu cha mwaka 2006. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Washington University kule St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya habari. Kundi moja likakisoma kifungu mara nne mfululizo. Kundi jengine likakisoma mara moja tu, kisha karatasi ikaondoshwa, likaandika linachokumbuka, na likafanya hivyo mara tatu. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojijaribu walibaki na 61.

Na walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani wiki ijayo, waliosoma mara nne ndio waliojiamini zaidi.

Hapo niliiweka simu chini nikakaa kimya. Mpwa wangu hajidanganyi anaposema ameipitia mara tatu na ameielewa. Kusoma tena na tena humpa mtu ladha ya kujua. Maneno yanateleza, macho hayakwami popote, moyo unatulia. Kufunga karatasi kunaumiza, kunakuonyesha ujinga wako papo hapo, na nani anataka kuonyeshwa ujinga wake saa sita ya usiku?

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipanga mbinu kumi za kusomea kwa ushahidi uliopo. Mbili tu zilipata daraja ya juu: kujijaribu, na kuyatawanya marudio kwa siku mbalimbali. Kupaka rangi na kusoma tena ziliangukia chini kabisa.

Nilimsomea mpwa wangu haya ukumbini. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa ile huruma ya vijana kwa watu wazima.

"Kwani mjomba, hiyo si muraja'a, kule kurudia tulikohifadhi madrasa?"

## Maalim akanikatalia

Ningeandika makala hii siku ileile na ingekuwa fupi: someni hendauti kama mnavyosoma msahafu, kwaherini. Lakini kulikuwa na jambo linanikera, na sikujua ni lipi mpaka nilipomsimulia Maalim wa mtaani kwetu baada ya Isha.

Hakupenda. Kwanza kwa adabu: Qur-ani huhifadhiwa kwa ibada, usiiweke sahani moja na pepa. Nikakubali. Pili, akasema, "Mtoto wangu akibadilisha neno katika aya, hilo ni kosa, namrudisha. Huyo wako akiibadilisha sentensi ya mwalimu wake akaisema kwa maneno yake, je, ni kosa?"

Nikasema si kosa, hiyo ndiyo ilimu yenyewe.

"Basi unamfundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote tunalalamika kuwa watoto wetu wanakariri, wanajibu mitihani kama kasuku, na mimi hapa nataka kupeleka kuhifadhi mpaka chuo kikuu. Sentensi ya Kiingereza iliyomkatikia jikoni ilikuwa nini kama si kitu kilichokaririwa? Alikuwa ameihifadhi vibaya, ndiyo. Angeihifadhi vizuri, akaimaliza bila ya kukwama, angekuwa anajua osmosisi?

Nilikuwa naaga. Maalim akaongeza kitu, wala hakukusudia kunisaidia. Alikuwa anawasifu wanafunzi wake watakaoingia kwenye mashindano.

"Mimi siwaachi waanze mwanzo wa sura. Mwanzo kila mtu anaujua. Nakamata aya katikati, namwambia endelea. Na hizi aya zinazofanana, zenye kutofautiana neno moja, naziweka pamoja makusudi mpaka ajue mlango wa kila moja."

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye rundo la hendauti. Kila moja ukurasa wa kwanza umechakaa, umekunjika masikio, una duara la kikombe cha chai. Kurasa za mwisho safi kama zimetoka stesheneri jana. Kila akikaa huanza mwanzo. Usingizi ukimkamata huacha, kesho akaanza tena mwanzo. Anajua utangulizi wa kila somo.

Basi kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa Maalim ni ule uchokozi wake: kufunga kitabu, kuingilia katikati, kuviweka pamoja vitu vinavyofanana mpaka vitengane. Kuhifadhi neno kwa neno kubaki kwenye msahafu, mahali pake. Hendauti iulizwe, isisomwe.

Tukaanza na hivyo. Akimaliza kipindi, kwenye daladala ya kurudi mjini, anageuza daftari upande wa nyuma na kuandika maswali matatu manne bila ya kuandika majibu. Osmosisi na difyusheni, mitosisi na meiosisi, ateri na veni: kila jozi inayomchanganya inakwenda ukurasa mmoja. Usiku anafungua maswali tu. Akishindwa ndipo anaruhusiwa hendauti.

Siku za kwanza aliichukia. Akasema anajiona mjinga kuliko alivyokuwa, na kwamba zamani usiku mmoja alikuwa anamaliza hendauti mbili, sasa hamalizi hata moja. Nilitamani kumwambia maneno ya kumtia moyo, nikanyamaza. Alikuwa anasema kweli.

## Embe la achari

Huu ndio upande ambao sikuuona kabisa kwenye utafiti wa Wamarekani, na wasingeweza kuuona, kwa sababu wanafunzi wao wanasoma, wanafikiri na wanaota kwa lugha moja.

Mpwa wangu alipoanza kuyajibu maswali yake kwa sauti, alikuwa anakwama kwenye "whereby" na "through which" kabla hajafika kwenye maji na chumvi. Kujijaribu kwake kuligeuka mtihani wa sarufi. Siku moja nikamwambia aache, anieleze kwa Kiswahili.

Akacheka. "Kwa Kiswahili haipo, mjomba."

Fikiri mahali tulipo. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na mtoto wa visiwa hivi anaona maji kupita kwenye utando hayasemeki kwa Kiswahili.

Nikamuuliza: embe bichi la achari ukilikata ukalitia chumvi, kinatokea nini?

"Linatoa maji."

Chumvi imeyafanya nini?

Akafikiri. Akasema chumvi nje ni nyingi, ndani ya embe ni kidogo, maji yanatoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi. Yanapita wapi? Kwenye ngozi ya seli, ile inayopitisha maji ikazuia chumvi. Alisema "ngozi", kisha mwenyewe akasema utando. Na samaki? Ng'onda vivyo hivyo, anakaushwa maji, na vijidudu vya kumwozesha navyo vinatolewa maji yao vikafa.

Kisha akanyamaza kidogo, na kilichofuata sikumuuliza mimi.

"Kumbe ndiyo maana kwetu mabonde ya mpunga yakiingiwa na maji ya bahari, mpunga unakauka. Nilikuwa najiuliza kila siku unakaukaje na maji yamejaa."

Nimeshawahi kumsikia akisoma vizuri sana. Sijawahi kumwona na uso ule.

Baada ya hapo Kiingereza kilikuwa kazi nyengine, tena nyepesi: kuvisha nguo kitu ambacho mwili wake upo. Sasa ndio utaratibu wake. Kwanza Kiswahili, kwa sauti, kwa mtu au kwa ukuta. Pili anaandika sentensi tano za Kiingereza bila ya kuangalia. Tatu anafungua hendauti kutafuta istilahi alizozikosea. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo halibishaniwi, na anayebaki kwenye Kiswahili peke yake atalia siku ya pepa. Lakini anayeanza na Kiingereza peke yake anahifadhi sauti.

## Diskasheni

Niseme neno la haraka juu ya haya makundi ya kusoma. Nimekwenda kumchukua mara kadhaa chini ya miembe kule chuoni, nikakaa kwenye gari nikitazama. Kwenye kila kundi kuna mmoja anayeeleza na sita wanaotikisa vichwa. Yule mmoja anaondoka na somo. Wale sita wanaondoka wamefarijika.

Wasichana hasa. Wanaandika vizuri, wana daftari safi, na wanamwachia mvulana mwenye sauti ashike kalamu ya ubao. Mpwa wangu na wenziwe wawili wamejitenga, wakabaki watatu. Kila mmoja anapewa kipande, anakieleza, wenziwe wanashika hendauti na kumrudisha akiruka. Wanasikilizishana, kama walivyofanya udogoni jamvini.

## Saa za kusoma

Ushauri mwingi unaosambazwa humuambia mwanafunzi atafute chumba kimya, meza na kiti. Nani huyo? Nyumba zetu zina televisheni ukumbini, watoto, wageni kutoka shamba, na binti akikaa na kitabu saa kumi jioni ataitwa akune nazi kabla hajageuza ukurasa. Mke wangu na mimi tulizozana kidogo kwa hili. Mwisho jikoni amepunguziwa siku za wiki, na kaka zake wamegundua kuwa sufuria zinaweza kuoshwa na mikono ya kiume pia.

Wakati wake mzuri umekuwa baada ya Alfajiri, kabla nyumba haijaamka na joto halijashuka juu ya bati. Kukesha ameacha, au niseme amepunguza. Usingizi ndio unaomsaidia mtu kuyaweka aliyosoma mchana, na kopo la kinywaji cha kuamsha macho halijamfanyia mtu kazi hiyo. Simu inalala chumbani kwetu. Hili la simu analichukia mpaka leo.

## Pepa za nyuma

Rafiki yangu anayefundisha chuo, sitasema kipi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema ninamchelewesha mtoto.

"Maswali yetu yanajirudia. Anayekusanya pepa za nyuma na kuyakariri majibu anapata B, saa nyengine A. Wewe unamtembeza kwenye mabonde ya mpunga."

Hili sijalimaliza. Ni kweli, na si kosa la mwanafunzi kufuata njia fupi aliyofunguliwa. Mpwa wangu naye anazo pepa za nyuma, hajawa walii. Anazifanya majibu yamefunikwa, hiyo ndiyo tofauti yake na wenziwe, na katika majaribio ya muhula huu wapo waliokariri waliompita alama. Nilimuuliza kama anataka kurudi kwenye njia ile. Akasema muhula ujao wanapelekwa skuli kwa mazoezi ya kufundisha.

"Watoto wa kidato cha pili hawana pepa za nyuma za maswali yao, mjomba. Wananyoosha mkono tu."

Kwa hiyo usiku huu anatufundisha sisi. Juzi ilikuwa osmosisi tena, embe na chumvi, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, na safari hii hakukwama. Alipomaliza, mke wangu, ambaye ndiye mtengenezaji achari wa nyumba hii, akanyoosha mkono kweli.

"Umesema utando unazuia chumvi isiingie. Mbona achari yangu ina chumvi mpaka ndani?"

Mpwa wangu akafungua mdomo, akaufunga. Akatafuta kwenye hendauti, halimo. Usiku ule aliliandika kwenye ukurasa wa maswali, na kesho yake akalipeleka kwa mwalimu wake. Alirudi jioni anakimbia kutoka kituoni, hata mkoba hajauweka: chumvi ikizidi na siku zikipita seli zinakufa, na seli ikifa utando wake hauzuii tena kitu, chumvi inapita itakavyo.

Mke wangu akalitafakari jibu huku anakoroga mchuzi.

"Kumbe miaka yote tunakula maiti ya embe," akasema, akamwambia akalete vitunguu.